Abiria wa Kanga ya Njano

Walipotoka kumzika mkewe, Shekilindi hakukaa na waombolezaji. Aliingia chumba cha nyuma, kwenye reli yake ya mfano, yenye stesheni na treni ndogo, iliyotanda meza nzima, akaanza kunyunyiza unga wa mbao wa kijani juu ya gundi, uwe majani ya kando ya reli.

"Baba, watu wanataka kukupa pole," binti yake Nakijwa alimwambia kutoka mlangoni.

"Gundi itakauka, mwanangu."

Hakulia. Kwenye stesheni kilisimama kisanamu alichokichonga kwa sura ya mkewe, kimejifunga kanga ya njano. Alikinyanyua taratibu, akakiketisha ndani ya behewa, dirishani, kisha akawasha swichi.

Treni ikaingia kwenye handaki la kadibodi.