Futi Kumi za Chuma

Tangu azaliwe, Owiti hakuwahi kusikia kiti cha futi kumi.

“Kumi, mama?”

“Kumi kamili,” akasema Mama Rebeccah kwa lafudhi yake nzito ya Sosiot. “Keti ya chuma. Jumamosi tunamkumbuka marehemu mzee wangu, papa Johana. Nataka wakeni waione hiyo kwanza, kabla ya nyumba. Lakini wewe ni fundi ya kari. Utaweza?”

“Nitaweza.”

Ilibidi aweze. Mwaka huo wa 1996 mgongo ulikuwa umemkataza kulala chini ya magari, na soko zima la Sosiot lilingoja kuona kama mkono uliozoea spana utajua kufua chuma. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza. Akiiharibu, atarudi kwao ziwani mikono mitupu.

“Na iwe na nguvu,” mama akaongeza. “Ng'ombe ya jirani, Ondieki, imenimalizia mahindi.”

Owiti akaelewa. Mjane alitaka kukaa nje alinde shamba lake, na watoto wake sita wakija, wakae naye. Yeye mwenyewe, tangu amzike mkewe Ayoo, hakujua jioni aketi wapi.

Siku nne alichochea makaa na kupiga vyuma juu ya kipande cha ekseli ya gari, hadi viganja vikatoka malengelenge. Chuma cha kwanza kilikatika. Cha pili pia. Cha tatu kikatii, kikajikunja kuwa majani mawili na chipukizi, kama yanavyochumwa kwenye mchai. Akayapanga hayo kwenye egemeo lote, toka mwisho hadi mwisho.

“Omera, unamtengenezea mama ama kwaya yote?” Phelix wa gereji akamcheka.

“Cheka tu. Wewe ungempelekea kigoda.”

Jumamosi wanaume sita walikibeba hadi kwa mama, wakakitua kando ya ua. Hapo palisimama nguzo mbili mpya, bawaba zimeshapigiliwa. Katikati yazo ng'ombe wa Ondieki alikuwa akitoka taratibu, bua la mahindi mdomoni.

Mama Rebeccah alikizunguka kiti mara mbili. Akayapapasa majani yale moja moja, machozi yakamlenga.

“Ni nzuri sana, fundi,” akasema. “Sasa inafungukia upande kani?”