Mchele Unaonuka Dawa

Siku ya tatu mfululizo mfuko wa mchele ulitoweka jikoni mchana, na alasiri ukarudi mahali pake ukinuka dawa ya kuchua. Mashavu, na mimba yake ya miezi minane, alimwendea mama mkwe wake.

"Mama, nani anauchezea mchele wangu?"

"Miye na kiharusi changu hiki, mwanangu, jikoni nitafikaje?" alijibu Bi Kidawa, akikwepesha macho.

Si bure, Mashavu aliwaza. Huyu mama ana lake jambo. Kesho yake alijifanya amelala, kisha akanyata hadi mlangoni kwa mkwewe na kuchungulia.

Bi Kidawa alikuwa kitini. Alinyoosha mkono mzima, kisha ule uliopooza, taratibu, huku akihesabu. Halafu akauinua ule mfuko, amekwisha kuuviringisha kwenye kanga, akaulaza kifuani.

"Kilo tatu tu," alinong'ona. "Siku ya arobaini, mjukuu wangu nitamtoa nje mwenyewe."

Akaupandisha tena. Mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka, kanga ikateleza, na Mashavu, pale pale mlangoni, akajikuta amekinga mikono yote miwili.