Beseni la Vitunguu

"Inuka uhubiri, Tumsifu," mchungaji alinong'ona mlangoni pa jiko la mjane aliyefiwa. "Hatukukuvusha bahari uje kumenya vitunguu."

Tumsifu hakuinuka. Kihispania chake kilikuwa bado cha kubabaisha, lakini mambo ya msibani aliyajua tangu utotoni.

"Kwetu mfiwa anapikiwa kwanza, mchungaji. Na hii nayo ni ibada."

"Nitakurudisha nyumbani."

"Nirudishe. Ila nitamaliza beseni hili."

Mjane, ambaye siku zote aliwafungia mlango wakibisha hodi kumhubiria, alikuwa akiwatazama. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya Tumsifu, akainua kitunguu.

"Cebolla," alisema taratibu, akangoja.

"Cebolla," Tumsifu akarudia.

Kisha mjane akachukua kisu kingine, akamnyooshea mchungaji, mpini mbele.