Stika Chini ya Saa

Azzan alikuwa amepiga magoti mbele ya skrini ya saa za swala, kompyuta mapajani, waumini wakisubiri nyuma yake, alipokutana na jina la mwanamke asiyemjua.

Msikiti mzima uliamini programu ile ni kazi ya mikono yake. Kumbe aliitoa mtandaoni, bure, ikiwa tayari. Leo sheikh alitaka saa ya alasiri irekebishwe, ikambidi atafute chanzo chake, yale mafaili ambayo mtunzi huyaacha wazi kwa kila mtu. Ndani ya faili la maelekezo ya kuiunda, mtunzi alikuwa ameandika kwa Kifaransa: "Sitaki malipo. Mstari wa chini ya skrini unamtaja mama yangu, marehemu Basma, ili kila atazamaye amwombee."

Azzan aliinua macho. Chini ya skrini ilikaa stika ya duka lake. Aliibandika mwenyewe, kufunika maneno aliyodhani ni tangazo la watu. Kona moja ilikuwa imeanza kubanduka. Kidole gumba chake kikaenda kuikandamiza, kama kilivyozoea, naye akakionea haya kidole chenyewe.

"Imekwisha?" sheikh aliuliza, akiinua mikono. "Sasa tumuombee mwenye kutengeneza hii saa, na mama yake. Azzan, taja jina ya mama, tumuombee."

Azzan aliitazama tena ile stika.

"Basma," alisema.

Nyuma ya pazia la wanawake ikatoka sauti ya mama yake, iliyomwita tangu utotoni.

"Azzan? Basma ni nani?"