Kiganja cha Matonya

Asubuhi ya ishirini na moja ya Matonya kumwamkia barazani akiomba kazi, karani mkuu wa kampuni ya Wajerumani alimwambia, "Haya, ingia ghalani. Umesoma wapi?"

"Msalato, bwana. Shule ya mwalimu mmoja."

"Siijui." Akamsogezea karatasi na wino. "Jumlisha frasila hizi za nta."

Waombaji wengine wawili, waliosoma pwani, wakatabasamu.

Matonya akajumlisha. Filimbi ya gari moshi ikalia mbali, na ghala zima likanukia asali kama nyumbani kwao. Alipomaliza, mkono ukaenda wenyewe. Akaligandamiza jibu kwa kiganja, kisha akafuta kwa ukingo wa mkono.

Msalato waliandika mchangani. Ukimaliza unafuta, mwenzako apate nafasi.

Karatasi ikabaki doa tupu. Wale wawili wakaangua kicheko.

Karani hakucheka. Aliushika mkono wa Matonya, akaufungua taratibu, akauelekeza dirishani. Tarakimu zilikuwa pale kiganjani, mbichi, zimegeuka kinyume, zinameremeta. Akazisoma moja moja, midomo ikimchezacheza. Kisha akatazama daftari lake: jumla ilikuwa ileile.

"Usinawe," alisema. "Twende kwa Bwana Mkubwa."