Ufa Mwembamba

Nilikitoa kisahani cha saruji cha majaribio kwenye maji yaliyokuwa yakichemka kwa muda wa saa tatu, nikauona ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, kutoka katikati hadi ukingoni.

Meneja wa kiwanda alisimama mlangoni mwa maabara na fomu ya kuidhinisha saruji. "Tia sahihi, dada. Malori yanangoja."

"Kimepasuka, bosi. Mavi ya chuma, yale mabaki ya tanuri tuliyosaga humu, bado yana chokaa mbichi. Yalitakiwa kumwagiwa maji miezi mitatu, mkayapa wiki mbili. Saruji hii itavimba ikiwa ukutani."

"Shule ya jioni imekupa kiburi! Ufa huo hata sisimizi hapiti."

"Sisimizi hapiti, lakini saruji hii inaenda kujenga wodi ya wazazi."

"Nje ya geti wako mia wanaoitaka kazi yako."

Nilijua. Nyumbani wanaonitegemea ni sita. Nilimwomba Mungu autulize mkono wangu tu, hofu aniachie.

Nikamwekea kisahani kiganjani, kingali cha moto. Kikakatika vipande viwili.

Nilichukua kalamu yake, nikaandika HAIFAI kwenye fomu kwa herufi kubwa, nikatia sahihi. Kisha nikatoka kwenda kuwaambia madereva wazime injini.