Wezi wa Bibi Harusi

Walimkwapua Afra akiwa bado ameshika kisu cha kukatia keki.

Quirin, mdogo wake bwana harusi, alimbeba begani kama gunia la viazi. Lorenz, rafiki yao, akafuata akipiga kodiani yake, na Vroni, rafiki wa Afra tangu utotoni, akakusanya pindo la gauni lisiburuzwe. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Benedikt, mumewe wa tangu asubuhi, alibaki mlangoni mkono mmoja ndani ya koti, mwingine nje.

"Nitakupata kabla hujamaliza glasi ya kwanza!" alipaza sauti.

"Kwa miguu hiyo mizito? Thubutu!" Quirin alimjibu.

Mjini Regensburg, Ujerumani, harusi isiyo na wizi huu haijanoga. Marafiki humwiba bibi harusi wakamzungusha kwenye vilabu vya bia, na bwana harusi huwasaka mtaa kwa mtaa. Akiwapata, sharti apige magoti amwimbie mkewe mbele ya walevi wote, ndipo aachiwe. Simu ya bibi harusi hunyang'anywa, asije akavujisha siri. Ya Afra ilikuwa mfukoni mwa Quirin.

Kilabu cha kwanza waliwapokea kwa makofi. Cha pili kilikuwa bustani ya bia kisiwani, chini ya miti mikubwa, mto Danubi ukipita hapohapo na Daraja la Mawe likionekana lote. Hapo ndipo walipopanga wakamatwe. Lorenz aliivuta kodiani kwa nguvu zote, Benedikt asikie hata akiwa ng'ambo. Kisha wangepanda mashua wote mpaka Walhalla, lile jumba jeupe la marumaru kilimani, wakapigwe picha.

Darajani watu walikuwa wamejazana ukingoni, wakichungulia. Afra akawapungia.

Simu ya Quirin ikalia. Alisogea kando, akasikiliza, akarudi mbiombio.

"Inukeni. Tunaondoka."

"Na hizi bia?" Afra aliuliza. Zilikuwa zimeletwa punde tu, povu bado limesimama. Mtu wa Regensburg haachi bia iliyojaa.

"Ziacheni."

Aliwapitisha vichochoro, akiwa amemshika Afra kiwiko, hadi kwenye kilabu kimoja cha chini ya ardhi, ngazi zikishuka, kuta za mawe, dirisha hata moja hakuna. Akamkalisha kwenye benchi la pembeni. Kushoto ukuta, mbele meza nzito, kulia yeye mwenyewe Quirin.

"Shemeji, huku Bene hawezi kufika," Afra alisema akicheka. "Mahali penyewe hapajui."

Quirin hakucheka. Aliiweka simu yake mezani, akawa anaitazama.

Meza ya jirani wazee wawili walinyanyua majagi yao. "Bibi harusi huyo! Wewe wa kodiani, tupigie kitu!"

Lorenz alifunga mikanda ya kodiani, akaisukuma chini ya meza kwa mguu.

Muda ukapita. Gauni lilimbana Afra mbavuni, na hewa ilinuka soseji na jasho. Alipoomba kwenda msalani, Vroni alimsindikiza, akasimama mlangoni kama askari. Waliporudi, macho ya Vroni yalikuwa mekundu.

"Umelewa, mwenzangu?"

"Ndiyo," Vroni alisema. "Nimelewa."

"Quirin, basi nipe simu yangu. Mchezo umetosha."

"Ngoja kidogo, shem."

"Si mlisema tunapanda mashua?"

"Leo mashua hazitembei."

"Jumamosi? Wakati wa kiangazi?"

Juu kule, nje, helikopta ilipita, ikarudi, ikapita tena, mpaka majagi yakatetema rafuni.

Hapo Afra akaanza kuogopa. Alikumbuka kwamba Quirin ndiye aliyemjua kwanza. Yeye ndiye aliyemleta nyumbani kwao, akamtambulisha kwa kaka yake. Hakuwahi kulalamika. Lakini hakuwahi kuoa pia.

"Wewe hutaki anipate," alisema taratibu. "Ni hilo, si ndiyo? Umeniweka shimoni humu makusudi. Siku yangu moja, Quirin! Wivu wa miaka yote umeamua kuutapika leo?"

"Sema," Quirin alisema. "Sema yote, nisikie."

"Mwoga mkubwa wewe!"

"Sawa."

Upole ule ndio uliomtia wazimu. Alipanda juu ya benchi, akakanyaga meza kwa viatu vyake vyeupe, jagi likaanguka likapasuka. Akarukia upande wa pili na kukimbilia ngazi. Quirin alifika kabla yake. Akasimama kwenye ngazi ya kwanza, mikono ameitanua ukuta hadi ukuta.

"Nipishe niende kwa mume wangu!"

"Siwezi, Afra. Mama amenikataza kukuachia utoke."

"Mama yako anahusikaje?"

Mmoja wa wale wazee aliinuka. "Wee kijana, mwache binti wa watu. Mzaha gani huo?"

Afra alimpiga Quirin kifuani kwa ngumi, mara moja, mara ya pili, na yeye akawa anazipokea tu kama mtu aliyezistahili. Machozi yalimtoka, rangi ya macho ikamchirizika mashavuni.

"Na yeye yuko wapi?" alilia. "Mbona haji? Mji wenyewe mdogo huu! Mbona hanitafuti?"

Nyuma yake simu ililia mezani. Vroni aliipokea, akasikiliza, kisha akakaa chini sakafuni penye bia iliyomwagika.

Quirin akashusha mikono.

"Aliruka kutoka darajani, aje kwako kwa mkato," alisema. "Tangu tulipotoka bustanini, Afra, wazima-moto wanamtafuta yeye mtoni."